Picha ya mchezaji bora wa Kerry wa wakati wote: Clifford, Gooch au Jacko? Naamua kabla ya Ijumaa

BabaImani_Tralee
Wakubwa habari zenu, naomba mawazo ya haraka. Landilodi wetu hapa Tralee ana basdei wiki ijayo na mimi na mama watoto tunataka kumnunulia kitu cha maana. Huyu mzee ametushika mkono tangu tufike Ayalandi, hata ule mwezi nilikaa bila kazi hakunisumbua na kodi. Sasa yeye ukikaa naye dakika tano tu mazungumzo yameshafika kwa mpira wa Gaelic, na ukisema Gaelic kwake unasema Kerry, timu ya kaunti yetu hii. Kuna duka hapa mjini wanauza picha kubwa za wachezaji zikiwa kwa fremu tayari, nimebaki na tatu: David Clifford, Colm Cooper yule wanamwita Gooch, na Jack O'Shea, ndiye Jacko. Mimi nilikuwa nachukua Clifford kwa sababu ndiye namwona kwa TV na kijana wangu anamwiga huko nje mpaka giza linaingia. Lakini sitaki kumpelekea mzee mtu ambaye si bora. Nani ndiye bora wao wa wakati wote?

DadaKillarney
Kaka, umeacha yote ya muhimu. Mzee ana miaka mingapi? Ametoka Kerry ya wapi, Tralee, Killarney, Dingle, au kule kusini Cahersiveen? Watu wa hapa ni wa klabu ya kijijini kwao kwanza, ndio baadaye wanakuwa wa kaunti. Na ukutani kwake ameshatundika nini? Jibu hayo tukushauri vizuri.

Ila kama unaniuliza mimi, ni Gooch. Nimefanya kazi hospitali na watu wa Killarney miaka mingi, Dr Crokes ndiyo klabu yake, na nimetazama zile mechi zake za zamani na wagonjwa wangu mpaka nazijua. Kijana mwembamba, nywele nyekundu, mabeki wanene wamemzunguka na bado anaona pasi ambayo hakuna mwingine uwanjani ameiona. Fainali ya 2004 na Mayo, lile goli, anaupokea ule mpira kwa utulivu kama mtu yuko sebuleni kwao. All Star 8, ile tuzo ya kikosi bora cha mwaka. Nguvu wanazo wengi, macho yale hakuna.

Mswahili_Dublin
Aisee mkuu chukua Clifford usipoteze muda. Mimi ni mtu wa Dublin kabisa, naishi karibu na Croke Park, uwanja mkuu wa Gaelic, na nakwambia huyu ndiye pekee wa Kerry ambaye akishika mpira jukwaa zima la Hill 16 linanyamaza. Fainali ya vijana 2017 na Derry alifunga magoli 4 na pointi 4, goli moja ni pointi 3 kwa hiyo peke yake ana 16. Fainali ya 2022 na Galway pointi 8. Mchezaji bora wa mwaka 2022, 2023, tena 2025. Na amezaliwa 1999, bado anacheza! Unataka nini tena?

Mzee_wa_Ghuba
Hapo ndipo mnapokosea. Bado anacheza, kwa hiyo kazi yake hatujaiona yote. Na tangu 2025 sheria imebadilika, ukipiga juu ya mwamba kutoka nje ya ule mstari wa mita 40 unapewa pointi 2. Jacko hakuwa na hiyo. Huwezi kuchukua hesabu za leo ukamshindanisha mtu wa 1981.

Mimi niko Dubai, nimeingizwa kwenye huu mchezo na walimu wa Kiayalandi niliofanya nao kazi, wakakosa mtu wa kumi na tano nikavaa viatu. Nacheza katikati, ndiyo maana namjua Jacko. Katikati hakuna kujificha. Mpira wa golikipa unakuja juu, mnaruka wanne, atakayeushika ndiye mwenye mchezo. Jack O'Shea alikuwa anaushika huko juu, anashuka nao, anakimbia mpaka mbele anafunga, halafu dakika hiyohiyo unamkuta kwenye goli lake anaokoa. Medali 7 za ubingwa wa Ayalandi. Mchezaji bora wa mwaka mara 4. Mshambuliaji anasubiri mpira, huyu alikuwa anautafuta.

Tunda_Moro
Samahani wakubwa, mimi niko Morogoro, hii Gaelic ni mpira gani hasa? Ni raga?

DadaKillarney
Karibu mdogo wangu. Si raga. Ni watu 15 kila upande, mpira wa duara, unashikwa kwa mkono na unapigwa kwa mguu. Goli limesimama kama herufi H lakini chini lina nyavu. Ukiingiza nyavuni ni goli, pointi 3. Ukipitisha juu ya mwamba ni pointi 1, au hizo 2 anazosema Mzee. Huruhusiwi kutembea nao zaidi ya hatua nne, lazima uudundishe au uupige kwa kidole cha mguu urudi mkononi, na kudunda mara mbili mfululizo ni kosa. Na hawalipwi mshahara! Unamwona mtu mbele ya watazamaji elfu themanini Jumapili, Jumatatu yuko kazini. Clifford ni mwalimu.

Tunda_Moro
Hawalipwi?? Na hawahami timu?

Mswahili_Dublin
Unachezea kwenu. Ndiyo maana watu wanalia kabisa wakifungwa, hakuna kusema msimu ujao tutasajili.

Kipepeo77
Baba Imani kabla hujanunua popote nisikilize, maana mimi niliumia. Niko Cork. Miaka mitatu iliyopita shemeji yangu aliolewa na mtu wa Kerry, tukasema tumpe baba mkwe picha kama hiyohiyo unayoitaka wewe. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, sitamtaja, picha ya mchezaji wa Kerry miaka ya themanini na sahihi yake kwa kalamu, euro 95 na usafirishaji juu. Ikachelewa wiki mbili. Ikafika kioo kimepasuka pembeni, nikapeleka kwa fundi nikalipa tena. Siku ya sherehe watu wamejaa, nyama imeshapakuliwa, mzee anafungua karatasi pole pole, anatabasamu, halafu ile tabasamu ikasimama. Akavaa miwani. Akamwita kaka yake. Wakainama wote wawili juu ya ile picha. Jamani, yule mchezaji alikuwa wa Donegal! Kijani na njano, mimi nitajuaje, Kerry kijani na njano, Donegal kijani na njano, hata Meath wanavaa rangi hizohizo. Na ile sahihi ilikuwa imeprintiwa, ukipitisha kidole huhisi wino. Mzee wa watu akanishukuru, akanishika mkono, akaniambia nimekuja na moyo mzuri, lakini mimi chakula kiligoma kushuka. Nilimwandikia muuzaji mara nne, hakujibu hata moja. Kwa hiyo nunua hapo dukani unapoona kwa macho, na uwe na mtu wa Kerry kando yako. Akubali sura kabla hujatoa pesa.

DadaKillarney
Pole sana. Na Meath ndio ingekuwa mbaya zaidi, 2001 nusu fainali Meath waliwapiga Kerry kwa tofauti ya pointi 15, wazee wa hapa hawataki hata kuisikia.

Ndugu_wa_Ventry
Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyemtaja yule beki Páidí Ó Sé, nashangaa. Medali 8. Wako watano tu Kerry wenye 8: yeye, Pat Spillane, Ger Power, Mikey Sheehy na Ógie Moran. Nyinyi mmeshika washambuliaji tu kama kawaida ya mpira wote duniani. Beki hana video nzuri, hakuna anayeweka mtandaoni clip ya mtu aliyefanya mwenzake asifunge. Niliishi Ventry, kule magharibi wanakozungumza Kiayalandi, nikiosha vyombo kwenye hoteli, na kule ukoo wa Ó Sé ni kama mbuyu wa kijiji. Páidí alicheza, akaja kuwa kocha akachukua kombe 1997 na 2000, na wapwa zake Darragh, Tomás na Marc wakafuata. Darragh peke yake ana 6, katikati hapohapo anaposifiwa Jacko. Kama ni picha, weka Páidí.

Mswahili_Dublin
Mkihesabu medali nyinyi Kerry mtaumia, maana Cluxton, McCarthy na Fitzsimons wa Dublin wana 9 kila mmoja, na ya tisa waliichukua 2023 mbele ya Kerry hao hao. Na Cluxton ndiye aliyepiga ile frikiki ya mwisho fainali ya 2011, pointi moja, Kerry wakaenda nyumbani.

Ndugu_wa_Ventry
Huu uzi ni wa Kerry. Kombe 39 za Kerry tuongee baadaye.

Mzee_wa_Ghuba
Na kama ni frikiki, nusu fainali ya 2022, Seán O'Shea, mita zaidi ya hamsini, upepo usoni, dakika zimeisha, anaipigia upande wa Hill 16 yenu. Ikapita. Jukwaa zima la kwenu lilishika kichwa, ndugu yangu wa Dublin unaikumbuka.

Mswahili_Dublin
Naikumbuka, nilikuwepo. Sikula usiku ule.

MamaZawadi
Naongeza moja nanyi mnisamehe kama natoka nje ya mada. "Bora wa Kerry wa wakati wote" na hakuna mwanamke hata mmoja? Kerry ya wanawake ilichukua ubingwa mara tisa mfululizo 1982 mpaka 1990, mara tisa! Ile timu ya wanaume mwaka huo huo wa 1982 ilikuwa inatafuta ya tano mfululizo, Offaly wakawafunga goli mwishoni kabisa, Séamus Darby, wakakosa kwa pointi moja. Na Louise Ní Mhuircheartaigh, kapoteza fainali 2022, kapoteza 2023, watu wakasema basi, akarudi 2024 akalibeba. Binti yangu ana miaka 12 anacheza klabu hapa, picha ya ukutani kwetu ni ya Louise.

DadaKillarney
Umesema kweli mama, na sikuwa nimefikiria.

Ndugu_wa_Ventry
Mama heshima zako, lakini yeye anatafuta zawadi ya mzee.

MamaZawadi
Na mzee hana mabinti? Ameuliza bora, nimejibu bora.

BabaImani_Tralee
Samahani nilikuwa shifti ya usiku. Asanteni wote, Kipepeo pole, nitanunua dukani na kumshika jirani anisaidie kuangalia sura. Haya majibu: bajeti ni euro 80, tukisukuma 100. Mzee anatimiza 74. Nilimuuliza mke wake kwa ujanja, amesema amezaliwa Cahersiveen, akaja Tralee kwa kazi akiwa kijana. Sebuleni kuna picha ya timu nzima ya 1978. Na kwa jikoni kuna moja ya zamani ya black and white, mtu ameruka juu na mpira, chini imeandikwa Mick O'Connell.

Mzee_wa_Ghuba
Cahersiveen! Kazi imekwisha, Jacko ni mtoto wa hapohapo, klabu ya St Mary's. Nunua.

DadaKillarney
Haijaisha. Maurice Fitzgerald pia ni wa Cahersiveen, St Mary's hiyohiyo. Naacha Gooch wangu pembeni kwa ajili ya mzee, lakini Maurice huwezi kumruka. Fainali ya 1997 alifunga pointi 9. Na ule mpira wa pembeni kule Thurles 2001 na Dublin, yuko karibu na mstari, mechi inaisha, anaupiga kwa nje ya mguu unapinda unarudi ndani kama umeitwa, droo. Wagonjwa wangu wa kusini wakimtaja sauti inashuka.

Ndugu_wa_Ventry
Na Mick O'Dwyer wa Waterville yuko jirani kabisa. Mchezaji medali 4, kocha kombe 8. Amefariki 2025, kule kusini bado wanamlilia.

Mzee_wa_Ghuba
Lakini ile picha ya jikoni jamani. Mzee wa 74 alikuwa mtoto wa miaka minane hivi 1959, na hiyo ndiyo fainali O'Connell alikuwa nahodha. Ni mtu wa kisiwa cha Valentia, hapo ng'ambo tu ya Cahersiveen, daraja lilikuwa bado. Wanasimulia kwamba alishinda kombe Dublin, hakungoja sherehe, akarudi akapiga makasia usiku mpaka nyumbani. Mtoto wa upande ule alikua na hadithi hiyo. Mimi ni mtu wa Jacko, lakini hapa naona mzee ameshachagua bora wake siku nyingi.

BabaImani_Tralee
Sasa ndio mmenichanganya kabisa. O'Connell anaye tayari, nimnunulie tena?

Kipepeo77
Usirudie. Jacko.

DadaKillarney
Maurice.

Mswahili_Dublin
Clifford, awe na kitu cha kuzungumza na mtoto wako. Mzee na mtoto wakitazama mechi pamoja watakuwa wanamwangalia mtu yuleyule ukutani na kwenye TV.

BabaImani_Tralee
Hiyo ya Mswahili imenigusa, maana Jumapili Imani hushuka kwa mzee na wanatazama pamoja na biskuti. Mke anataka Jacko. Duka linafungwa saa kumi na mbili jioni, kesho napitia na Imani nione kama huyo Maurice hata wanaye.

Tunda_Moro
Wakubwa, na mwafrika amewahi kucheza Kerry?

Ndugu_wa_Ventry
Yupo Stefan Okunbor, wa klabu ya Na Gaeil hapohapo Tralee, asili yake Nigeria. Alichukuliwa na Geelong, klabu ya mpira wa kule Australia, akarudi nyumbani kuvaa kijani na njano. Baba Imani, Na Gaeil si ndio wako karibu na kwako? Imani umeshamwandikisha?

BabaImani_Tralee
Bado, wananiambia nije na viatu na kilinda meno. Hicho kilinda meno mnanunua wapi cha mtoto wa miaka 8?