Mrejesho: Nyumba ya Kigamboni yenye ufa na paa linalovuja

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza: nimeshalipa milioni 20 kati ya 65 za nyumba Kigamboni, nimekuta ufa chumbani na paa linavuja, nifanyeje kabla ya kumalizia? Mlinisihi nisiongeze hata shilingi mpaka fundi apite. Asanteni sana.

Nilikwenda na fundi asubuhi, mvua imetoka kukatika. Ufa umeanzia kona ya dirisha hadi kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya dirisha), ncha ya kidole inaingia. Akagonga plasta chini ya dirisha, ikamwagika unga mweupe. Chumvi imeshakula ukuta. Juu, kenchi mbili (fremu za mbao zinazobeba paa) zimeoza. Na karo la choo, ambalo sikuliwazia kabisa, limebomoka upande mmoja.

Muuzaji, mzee ninayemheshimu, alikasirika, na mimi niliumia. Wakili akatuketisha na picha pamoja na makadirio ya fundi. Bei imeshuka milioni 4, ukuta na paa natengeneza mwenyewe. Karo anajenga yeye. Tumesaini nyongeza ya mkataba, na milioni 5 nimezizuia hadi karo likamilike. Jumatatu fundi anapanda juu.