Gumzo la ukoo: aiskrimu ya 2014 na mkate wa kumimina

Mwanaidi: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Nimerudia kutazama Bake Off ya Uingereza, lile shindano la kuoka la TV linalofanyika hemani, msimu wa 2014, ule ambao mshiriki Iain alitolewa baada ya aiskrimu ya Baked Alaska yake, keki ya aiskrimu inayotiwa oveni, kutolewa kwenye friza. Bado nasema Iain kaonewa.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Kaonewa na nani? Hakutolewa kwa ajili ya friza. Alitupa kazi yake kwenye pipa la taka, kisha akalibeba hilo pipa hadi mbele ya majaji. Mary Berry na Paul Hollywood waonje nini hapo?

Hamisi: Hapo Shangazi kamaliza. Mwaka uliofuata Nadiya Hussain aliishiwa muda kwenye vol-au-vent, vile vikombe vya kinyunga cha matabaka vinavyojazwa kitoweo, nyingine hazikujazwa, akazipeleka vivyo hivyo. Akabaki, na msimu akaushinda yeye.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Ngojeni kwanza. Aiskrimu inaingiaje kwenye oveni?

Shangazi Zuhura: Chini sponji, katikati aiskrimu iliyoganda jiwe, juu ute wa mayai uliopigwa na sukari. Sponji na ute vimejaa hewa, na hewa hupitisha joto polepole. Oveni iwe kali, nyuzi 220 hivi, dakika 3 mpaka 5, juu ipate rangi basi. Ute ushuke mpaka ukutane na sponji pande zote. Ukiacha upenyo hata wa kidole, joto linaingia hapo na aiskrimu inatokea hapo hapo.

Hamisi: Tena aiskrimu ya kastadi lazima ipoe kabisa kabla ya kuingia kwenye mashine ya aiskrimu. Ukiitia vuguvugu mashine inazunguka bure, haigandi. Nusu ya wanaotolewa kwenye lile hema hawaponzwi na kupika, wanaponzwa na kupoza. Keki imetoka saa hii, mtu anaipaka krimu ya siagi saa hii hii. Lazima iteleze.

Mwanaidi: Na hema likipata jua?

Hamisi: Hamira inafurahi, siagi inalia 😂 Siku ya mikate joto linawasaidia, kinyunga kinaumuka haraka. Siku ya croissant, zile andazi za matabaka ya unga na siagi, ndiyo balaa. Siagi inatakiwa iwe baridi lakini ikunjike, nyuzi 13 hadi 16 hivi. Ikilainika inanywewa na unga, matabaka yanapotea, unapata mkate wa kawaida wenye mafuta. Ikiwa ngumu mno inakatika vipande ndani. Ukiona mshiriki anasukuma unga na siagi inachungulia, jua keshachelewa, alitakiwa airudishe friji nusu saa.

Mjomba Rashidi: Mimi napenda ile raundi ya pili, wanayopewa karatasi yenye maelezo nusu nusu. Raundi ya kwanza na ya tatu wamekwisha kujizoeza nyumbani. Ile ya pili hakuna ujanja, na majaji hawajui kipi ni cha nani.

Mwanaidi: Lakini Mjomba, karatasi ikisema "oka" tu, bila dakika wala nyuzi, hapo wanapima nini? Bahati?

Shangazi Zuhura: Wanapima mkono. Hapa kwetu mkate wa kumimina nani kawahi kuandikiwa dakika? Mpe mtu mchele vikombe 2, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki, ute wa yai moja. Mwambie: loweka, saga, umua, mimina, oka. Utawajua wapishi.

Hamisi: Wengi wataanguka kwenye kusaga. Mchele usipolowekwa usiku kucha hausagiki laini, mkate unakuwa na chengachenga.

Shangazi Zuhura: Na kwenye kuumua. Ukipanda tu na kujaa mapovu, mimina. Ukiungoja zaidi unashuka wenyewe, unachachuka, na ukiuoka unalala chapati. Ute wa yai unatiwa mwisho, unachanganywa taratibu. Sufuria ipate moto na mafuta kwanza, la sivyo chini unaganda.

Mjomba Rashidi: Na moto wa juu?

Shangazi Zuhura: Moto wa chini mdogo mpaka matundu yatokee juu, ndipo unaweka makaa kwenye kifuniko. Mwenye oveni awashe grili. Ukiwahi moto wa juu, ngozi inafunga, hewa haina pa kutokea, katikati mbichi.

Mwanaidi: Basi Idi tufanye yetu. Karatasi maneno matano, majaji Shangazi na Mjomba, wakae sebuleni wasione sahani ya nani.

Hamisi: Mjomba asiwe jaji, yeye kila chenye iliki anasema kitamu.

Mjomba Rashidi: Paul Hollywood akipenda kitu anampa mshiriki mkono, mimi nikipenda narudia sahani. Tofauti iko wapi?

Shangazi Zuhura: Rashidi utaonja kipande kimoja kimoja. Na atakayeniuliza moto uwe kiasi gani, namtoa kabla hajamimina.