CB500X: kufunga mabegi ya pembeni bila kuharibu rangi (Mbeya – Chimala – Matamba – Makete)

kibirizi_red: Habari za jioni wakuu. Nina Honda CB500X nyekundu, rangi bado nzima. Mwezi ujao natoka Mbeya hadi Chimala, napanda Matamba kwenda Makete, narudi kwa Njombe na Makambako. Nataka mabegi mawili ya turubai pembeni, lita 20 kila moja, na moja dogo nyuma ya kiti. Pikipiki nyingi zikishuka kutoka kule naziona na mabaka kwenye plastiki za mkia, rangi imesagika. Keria (fremu ya chuma ya kushikilia mabegi) ninunue au nichomelee? Mzigo niupangeje? Na rangi niikinge kwa stika angavu, mpira wa tyubu au nta tu?

keria_13: Karibu mkuu. Nianze na hayo mabaka. Si mawe yanayoyaleta, ni vumbi. Linaingia kati ya begi na plastiki, begi linacheza, na chembe za mchanga zinageuka msasa unaosugua safari nzima. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni begi lisiguse rangi, ya pili ni lisicheze. Stika inakuja baada ya hapo.

Keria iliyotengenezwa kwa modeli yako ndiyo bora, inatumia matundu yaliyopo tayari. Ukichomelea, tumia bomba la duara la chuma la milimita 16 hadi 18, unene wa 1.5 au 2. Kila upande uwe na sehemu tatu za kushikia, na lazima kuwe na bomba la kuunganisha kulia na kushoto, likipita nyuma ya kibao cha namba. Wengi wanaliacha, kisha kwenye barabara mbovu keria zinajikunja kwa ndani mpaka begi linagusa tairi. Vipimo vichukuliwe kwa kadibodi, na chuma kichomelewe kikiwa mbali na pikipiki. Cheche zinatoboa rangi na kiti, na umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya injini.

Bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) zikaze kwa Nm 24 hivi, kipimo cha nguvu ya kukaza, za M6 kwa Nm 10, na zote zipate gundi ya nati ya rangi ya bluu. Baada ya km 100 za kwanza zipitie tena kwa spana. Rudia ukifika Matamba, maana mtikisiko wa kona zile unalegeza hata kilichokazwa vizuri.

Egzosi yako iko kulia. Acha sentimita 5 kati yake na begi, na katikati weka bati la alumini lililoinuliwa kwa vipande vya bomba vya milimita 10 ili hewa ipite. Turubai huanza kuiva kwa ndani, kwa hiyo ukikagua kwa nje tu hutaona kitu. Halafu kalisheni watu wawili juu ya pikipiki muone begi limebaki umbali gani na tairi. Shimo kubwa litaishusha zaidi ya hapo, kwa hiyo sentimita 4 ziwe bado zimebaki. Indiketa zikifichwa na mabegi, zihamishie kwenye keria. Barabara ya Makambako ina malori mengi, na dereva aliye nyuma yako lazima aone unakata wapi.

uyole_lami: Naongeza kuhusu mzigo. Vifaa vizito (spana, pampu, vibandiko vya tairi, maji) viwe chini kabisa ya begi na mbele, karibu na miguu ya abiria. Pima kila begi kwa mizani ya kuning'iniza ya sokoni. Tofauti ya kulia na kushoto isizidi kilo 2. Begi la kulia limesukumwa nje na egzosi, hivyo liwe jepesi kidogo kuliko la kushoto.

Hilo dogo la nyuma ya kiti lisizidi kilo 5: nguo, koti la mvua, basi. Uzito uliokaa nyuma ya ekseli unainua usukani. Kule Chimala kona ni 57, na gurudumu la mbele likiwa jepesi pikipiki inatoka nje ya kona badala ya kukata.

Shokapu ya nyuma kaza springi. Nyanyua gurudumu la nyuma, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye mkia, kisha kaa juu ukiwa na mzigo wote na upime tena. Tofauti iwe kama asilimia 30 ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma. Ikizidi, ongeza hatua moja upime upya. Upepo wa tairi fuata kibao kilichobandikwa kwenye pikipiki, namba ya mzigo kamili, na upime asubuhi kabla hujaondoka. Taa ya mbele nayo ishushe, mkia ukilala yenyewe inatazama juu.

Kamba za mpira zenye kulabu achana nazo, zinavutika na kulabu inachuna rangi. Chukua mikanda ya kitambaa yenye bizimu, upana wa milimita 25. Ukiivuta, ipe msokoto mmoja ili upepo usiipigepige. Ncha iliyobaki ifunge, isije ikaingia kwenye cheni.

rangi_na_klia: Tyubu usiweke kabisa, kaka. Mpira mweusi ukikaa juani unaachia kemikali zinazoingia kwenye klia (tabaka angavu la juu ya rangi), na doa lake la kahawia halitoki kwa kupolishi. Nta ni nzuri kwa kuosha kirahisi, ila msuguano haiuzuii.

Nunua filamu angavu ya poliyurethani ya kukinga rangi, unene wa maikroni 150 hadi 200. Stika ya kawaida ya PVC ni nyembamba, inakauka na kupasuka. Osha, kausha, futa kwa spiriti. Kata filamu ikiwa fupi kuliko ukingo wa plastiki kwa milimita 3, na kona zake zizungushe, maana kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Nyunyizia rangi na upande wa gundi maji ya lita 1 yenye matone machache ya shampuu ya watoto, iweke, kisha sukuma maji kwa kipande cha plastiki laini kuanzia katikati kwenda nje. Kingo zipashe kidogo kwa drayeri ya nywele, kisha usioshe kwa saa 48. Mbeya Juni na Julai gundi inashika taratibu kwa baridi, fanya saa sita mchana ndani ya banda. Kama kuna kipande kilichopakwa rangi upya, subiri siku 30.

kibirizi_red: Asanteni sana. Basi nibandike filamu kesho, kisha nifunge keria? Na begi la sumaku juu ya tenki vipi?

keria_13: Hapana, kinyume chake. Funga keria, jaza mabegi uzito kamili, kisha bandika selotepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye mkia wote na pembeni mwa tenki. Endesha km 20 za vumbi. Patakapochakaa ndipo penye tatizo. Kwanza jaribu kupaondoa kwa kusogeza begi au mkanda, pakishindikana ndipo filamu.

rangi_na_klia: Nakubaliana naye. Sumaku inabeba chembe za chuma zilizomo kwenye vumbi na kuzibana juu ya rangi. Tafuta begi la kunasa kwenye ringi inayofungwa kwenye mfuniko wa mafuta, linaning'inia bila kugusa tenki. Na njiani usifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Mwagia maji nusu lita kwanza, ndipo ufute.