Biokemia kwa wanafunzi wa unesi: wewe ilikuingiaje? Tupeane uzoefu

Nesi Mtarajiwa, Moshi

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Niko mwaka wa kwanza, diploma ya uuguzi na ukunga. Anatomia naipenda, mfupa nauona na msuli naushika. Biokemia ndiyo imenikaa kooni. Mwalimu anajaza ubao mzunguko wa Krebs, zile hatua za seli kuvunja chakula ipate nguvu, mishale inakwenda na kurudi, tunanakili, kipindi kinaisha. Usiku hosteli ni kukaririshana majina ya asidi mpaka usingizi utuchukue.

Sitaki kuambiwa "soma kwa bidii", hilo nalijua. Nawaomba mlioko wodini, maabara au mliomaliza, kila mtu aseme ni kitu gani alichokiona kikafanya somo hili limwingie. Karibuni.

Sista wa Zamu ya Usiku

Marahaba mwanangu. Mimi ni kijana mmoja aliyeletwa usiku kutoka Rombo. Ndugu walisema ni tumbo na kutapika, na njiani walishapitia duka la dawa wakauziwa ya malaria. Nilipomsogelea kilichonishtua ni pumzi. Anavuta kwa kina, kwa nguvu, hapumziki, na kinywa kinatoa harufu ya matunda yaliyopitiliza kuiva. Kifua nikasikiliza, kisafi kabisa. Sasa mtu mwenye mapafu mazima anahemea nini? Kupima sukari, mashine ikashindwa kutoa namba, imezidi uwezo wake wa kusoma.

Sukari imejaa kwenye damu, lakini bila insulini misuli haiwezi kuichukua. Mwili unajiona una njaa, unaachia mafuta, ini linayageuza kuwa ketoni, na nyingi za hizo ni asidi. Damu inatakiwa ikae kati ya pH (kipimo cha asidi na besi) 7.35 na 7.45, basi bikaboneti inajitoa kuipokea asidi ile, yanapatikana maji na kabonidayoksaidi, na kabonidayoksaidi mlango wake ni mapafu. Yule kijana hakukosa hewa. Alikuwa anatoa asidi nje kwa pumzi. Harufu ni asetoni, mmoja wa ukoo huohuo wa ketoni.

Daktari akatundika dripu ya chumvi, lakini insulini akaizuia mpaka ajue potasiamu. Nikamuuliza, akanijibu huku anaandika: insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Mgonjwa huyu ameshaikojoa nyingi, hata kama kipimo cha kwanza kitaonyesha iko sawa au iko juu. Ukimpa insulini wakati potasiamu ya kwenye damu iko chini, unaweza kuuangusha moyo wake. Wanga, mafuta, asidi na besi, chumvi za damu, vyote nilivisoma kwenye kitanda kimoja.

Chalii wa Sanawari

Mimi nasema ukweli, nilikariri. Krebs hatua zote nane kwa wimbo, nikapasi. Tangu niingie wodini hakuna aliyewahi kuniuliza sitreti inageuka kuwa nini. Mdogo wangu pasi kwanza, kuelewa kutakukuta mbele ya safari.

Sista wa Zamu ya Usiku

@Chalii, sitreti hutaulizwa, sawa. Utaulizwa kwa nini mgonjwa aliyevuja damu nyingi asidi ya laktiki imempanda. Jibu liko mlangoni kwa Krebs wako: oksijeni ikipungua kwenye seli, piruveti, ile inayobaki glukosi ikivunjwa, haipati njia ya kuingia humo, inageuzwa laktiki. Wimbo wako ulikuwa na beti hiyo?

Maabara Tu, Arusha

Si nesi, ila nyie ndio mnaotuletea sampuli, kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Aliyekulia vijiji vya chini ya Meru anayajua meno ya kahawia. Mimi ninayo. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na sehemu nyingi yanatoka na floraidi kupita kiasi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka ambayo meno bado yanajijenga ndani ya fizi, floraidi inavuruga ujenzi wa lile tabaka gumu la nje. Jino linachomoza likiwa limeshaharibika, mswaki haulitoi doa hilo. (Wageni wanadhani ni sigara. Tumeshazoea.)

Sasa mwaka wa kwanza maabara nikashika tyubu ya kifuniko cha kijivu, ile ya damu ya sukari. Ndani kuna unga mweupe kidogo. Nasoma lebo: sodiamu floraidi. Nilicheka peke yangu. Adui wa meno yangu amewekwa humu kwa makusudi!

Sababu ni kwamba chembe nyekundu zikiwa ndani ya tyubu bado ziko hai, zinaendelea kula. Damu ikikaa mezani kwa joto la kawaida, sukari inashuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Floraidi inakikaba kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kinachoitwa enolesi, hatua ya tisa kati ya kumi za kuvunja glukosi, na kazi inakwama. Lakini haikwami papo hapo, na hapa ndipo wengi mnapotuudhi. Kilichokabwa kiko karibu na mwisho wa mstari, kwa hiyo vimeng'enya vya mwanzoni vinaendelea kutafuna sukari kwa saa moja, hata mbili. Tyubu ya kijivu si ruhusa ya kuacha sampuli dirishani mpaka zamu ibadilike.

Kuna kituo kimoja, sikitaji, walikuwa wanatoa damu ya sukari asubuhi kwenye tyubu nyekundu, isiyo na floraidi, inatufikia mchana. Kwa karatasi, kisukari kilikuwa kimeisha kata nzima.

Mpagazi Mstaafu, Moshi

Kabla ya chuo nilibeba mizigo Kilimanjaro, kwa hiyo hesabu ya bikaboneti niliiona kabla ya kuisoma. Pale Uhuru, mita 5,895, oksijeni ni asilimia 21 ileile ya Moshi mjini. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ni karibu nusu ya ule wa pwani. Wageni wengi wanameza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Malalamiko yao tuliyajua kwa moyo: vidole vinachonyota, usiku wanatoka hemani kukojoa, na wakishuka wanakurudishia soda uliyofungua sasa hivi mbele yao, eti haina gesi. Sisi tulidhani ni maringo.

Darasani ndiyo nikaelewa. Kuna kimeng'enya kinaitwa kaboniki anhidresi, kinaharakisha maji na kabonidayoksaidi kuungana na kuachana. Ukipanda unahema sana, kabonidayoksaidi inakutoka, damu inaegemea upande wa besi, na ubongo unaamuru upunguze kuhema, hasa ukilala. Ndiyo wale wanaokata pumzi usingizini mpaka unawaamsha. Diamox inakizuia kimeng'enya hicho kwenye figo, bikaboneti inamwagwa kwa mkojo, damu inarudi kidogo upande wa asidi, ubongo unaruhusu kuhema kuendelee. Kimeng'enya hichohicho kiko ulimini na ndicho kinachofanya tuisikie gesi ya soda. Wageni hawakuwa na maringo jamani, walikuwa sahihi!

Mgonjwa wa Sista na mgeni wangu ni hesabu moja, mmoja kaanzia upande huu na mwingine upande ule. Na msije mkaimeza kiholela, ni dawa ya kuandikiwa. Mtu akishaanza kuyumba au kuchanganyikiwa huko juu, anashushwa, hapewi kidonge ili aendelee kupanda.

Mama Marangu

Hamjambo wanangu. Mimi nina binti chuo cha unesi, yeye ndiye aliyenionyesha mada hii. Alinipigia analia, haelewi amilesi. Nikamwambia akija likizo aende kwenye ungo. Tafuna ulezi mkavu, kisha tafuna ule tuliouloweka ukachipua tukauanika. Huu wa pili una utamu. Sukari hatukuweka, imetoka wapi? Akakaa kimya kidogo, akacheka: punje ikichipua inatengeneza amilesi, inaukata wanga wake yenyewe kuwa sukari. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hamira za hewani na za kwenye chombo zinaila sukari hiyo na ya ndizi, zinatoa pombe na lile povu. Msesewe, gome la mti tunalotia humo, ni wa uchungu tu, huo asiutafutie kimeng'enya.

Sista wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mama. Naomba niongezee kwa hao wanaoizidisha hiyo mbege. Mtu amekunywa tangu Ijumaa, chakula hakugusa, Jumatatu analetwa hajitambui na ana jasho, na kila mtu anasema amelewa, mwacheni alale. Mpime sukari kwanza! Akiba ya sukari kwenye ini imeisha, na ini lilitakiwa litengeneze mpya kwa kutumia laktiki na asidi amino. Lakini pombe ikivunjwa inaibadilisha NAD nyingi (kibeba hidrojeni cha seli) kuwa NADH, yaani iliyokwisha kubeba, na wingi huo wa NADH unairudisha piruveti kuwa laktiki. Malighafi inakwisha, sukari haipatikani. Chini ya 4 mmol kwa lita ujue hana muda wa kusubiri. Mlevi wa muda mrefu anapewa na thayamini, vitamini B1, kwa sababu kimeng'enya kinachoiingiza piruveti kwenye Krebs hakifanyi kazi bila hiyo. Chalii, tumerudi tena kwako.

Chalii wa Sanawari

Sista umenimaliza. Beti hiyo haikuwepo.

Nesi Mtarajiwa, Moshi

Asanteni sana, nimenakili zote. Swali moja kwa Maabara Tu. Juzi wodini majibu ya potasiamu yalirudi 7.1 na mgonjwa anakula uji, anapiga stori. Sista alikataa kuamini, akataka damu itolewe upya, ikaja 4.3. Inakuwaje?

Maabara Tu, Arusha

Potasiamu nyingi mno iko ndani ya chembe, kwenye majimaji ya nje ni kidogo, 3.5 hadi 5 hivi. Mkitoa damu kwa sindano nyembamba sana, mkaisukuma kwa nguvu kwenye tyubu au mkaitikisa, chembe zinapasuka na kumwaga potasiamu yao humo. Sisi tukiizungusha kwenye mashine tunaona majimaji ya juu ni mekundu badala ya njano, tunaandika imepasuka. Njia ya pili ni kuijaza kwanza tyubu ya zambarau kisha kumimina iliyobaki kwenye nyekundu. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye zambarau ina potasiamu, na inakamata kalsiamu. Kwa hiyo ukiona potasiamu juu na kalsiamu chini kwa mtu anayepiga stori, muulize aliyetoa damu alianza na tyubu gani. Ila mgonjwa mpigeni kipimo cha moyo wakati mnasubiri majibu ya pili, isije ikawa ni ya kweli.