Vanishi inayogumishwa kwa mwale wa elektroni inabaki na unato: naomba ushauri

Mchapaji wa Keko

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia kitengo cha uchapaji katika kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam. Tunapaka vanishi ya akrilati (aina ya resini inayogumu molekuli zake zinapoungana), takriban gramu 3 kwa kila mita ya mraba, juu ya filamu ya polipropilini iliyokwisha kuchapwa, kisha tunaigumisha kwa mwale wa elektroni wa kilovolti 125 na dozi ya mionzi ya kilogrei 30. Vanishi inashika vizuri kwenye wino, lakini uso wake una unato, na ukiusugua kwa pamba yenye MEK (kiyeyushi cha kupima ugumu wa mpako) unatoka upesi. Tulipopandisha dozi hadi kilogrei 60, unato ulipungua kidogo tu, na filamu ikaanza kukatika inapokunjwa. Chumba cha mwale hujazwa naitrojeni ya mtambo wetu wenyewe, yenye usafi wa asilimia 99.5 kwa mujibu wa cheti. Je, tuongeze dozi zaidi, au tubadilishe vanishi?

Mkemia wa Rangi

Ndugu Mchapaji, nakuomba usiguse dozi kwa sasa. Vanishi iliyogumu chini na kubaki na unato juu inaonyesha kwamba oksijeni imefika kwenye uso wake. Elektroni zinapopita katika akrilati huzalisha radikali huru, yaani vipande vya molekuli vinavyomenyuka upesi, na hizo ndizo zinazounganisha molekuli kuwa mtandao mgumu. Oksijeni ikiwepo huzidaka na kuzigeuza kuwa radikali za peroksi, ambazo hazimenyuki kwa urahisi kiasi cha kuendeleza mnyororo.

Sasa tazama cheti chako. Usafi wa asilimia 99.5 unaridhisha kwa kazi nyingi za kiwandani, lakini asilimia 0.5 inayobaki ni sehemu 5,000 za oksijeni katika kila milioni, wakati kazi hii kwa kawaida huhitaji zisizidi 200. Hata asilimia 99.9 ingekuachia sehemu 1,000. Mitambo mingi ya kuzalisha naitrojeni hutoa gesi safi zaidi ukipunguza kiasi inachotoa kwa saa, kwa hiyo jaribu hilo kwanza, au ukodi tangi la naitrojeni ya kimiminika kwa muda wa majaribio.

Kuhusu filamu, polipropilini ni miongoni mwa plastiki zinazoumizwa sana na mionzi, kwa kuwa minyororo yake hukatika badala ya kuungana. Uharibifu huo huendelea hata baada ya filamu kutoka mashineni, kwa sababu radikali zilizonaswa ndani yake hukutana na hewa polepole. Filamu inayoonekana nzima leo inaweza kuwa dhaifu baada ya wiki kadhaa ghalani. Kilovolti 125 ni nyingi kwa mpako mwembamba kama huo. Ukishusha volteji, sehemu kubwa zaidi ya nishati itaishia karibu na uso, na filamu itapata nafuu.

Fundi wa Thika

Nakubaliana na Mkemia, ila ningependa dozi ipimwe kabla ya kuiondoa katika orodha ya washukiwa. Namba inayoonekana kwenye skrini hukokotolewa kutokana na mkondo wa umeme na kasi ya filamu. Haikuambii dozi iliyofika kweli. Bandika vipande vya filamu za kupimia dozi, zile zinazobadilika rangi, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Unato ukiwa upande mmoja tu, mwale wenyewe hauko sawa. Ukienea kote, rudi kwenye oksijeni.

Kumbuka pia kwamba filamu inayokwenda kasi huingia na tabaka la hewa lililoshikamana na uso wake. Pale mlangoni panahitaji mpulizo mwembamba na mkali wa naitrojeni wa kulikata tabaka hilo, na kipimaoksijeni kivute sampuli karibu kabisa na filamu, kwa kuwa juu ya chumba kitasoma vizuri huku chini hali ikiwa mbaya.

Mchapaji wa Keko

Nawashukuru sana. Mpulizo upo, lakini kipimaoksijeni kimefungwa darini mwa chumba, tutakihamisha. Upo ushauri mwingine kwamba tuhamie taa za urujuanimno. Vifungashio vyetu ni vya biskuti.

Mkemia wa Rangi

Kwa biskuti nisingehama. Vanishi za urujuanimno kwa kawaida huhitaji kemikali za kuanzisha mmenyuko, na mabaki ya kemikali hizo yanaweza kuhamia katika chakula. Mwaka 2005 maziwa ya watoto yaliondolewa sokoni nchini Italia baada ya kukutwa na ITX, mojawapo ya kemikali hizo, iliyotoka kwenye wino wa pakiti. Vanishi yako, kwa kuwa hugumishwa kwa mwale wa elektroni, haihitaji kemikali hizo.

Hata hivyo, unato ulio nao sasa ni akrilati ambayo haijaungana, na filamu inapoviringishwa, upande wenye vanishi hugusana na upande utakaokaa ndani ya pakiti. Tafadhali zuia maroli yote yenye unato, hata yale yanayoonekana kukauka yenyewe ghalani, mpaka maabara ipime kiasi kilichohamia upande wa ndani.