Meli inatia nanga Cozumel siku moja tu: mimi na mzee tushuke twende wapi?

Mwalimu wa Mamboleo (Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Binti yangu ni muuguzi Houston, na tukienda kumwona Desemba ameshatukatia safari ya meli ya kitalii. Inaondoka Galveston, bandari ya Texas, inakaa baharini siku nzima, kisha inatia nanga Cozumel, kisiwa cha Mexico, asubuhi hadi jioni. Nikimuuliza tutafanya nini huko ananijibu, "Mama, mtashuka mtembee." Tutembee wapi? Ziara zinazouzwa na meli bei zake zinatia kizunguzungu, na nyingi ni za kuingia majini na miwani. Mzee wangu ni mtoto wa Mbita. Amevuka ziwa kwa mtumbwi tangu hajaanza shule, na haelewi kwa nini mtu atoe dola akaelee. Tena goti lake la kulia halitaki ngazi.

La pili: viza ya Mexico hatuna, tuna ya Marekani tu. Tutazuiwa? Na ni kweli meli huacha watu?

Baharia Mstaafu (Nakuru, Section 58)

Shikamoo mwalimu. Nilipika kwenye meli hizo miaka mingi kabla ya kurudi kuuza nafaka hapa mjini, kwa hiyo Cozumel naijua kwa upande wa mlango wa nyuma.

Tuanze na viza. Mkenya anahitaji viza kuingia Mexico, lakini mwenye viza ya Marekani ambayo haijaisha huruhusiwa kuingia nayo kama mtalii. Shida huwa wakati wa kurudi Texas. Fungua pasipoti, tazama kwenye viza palipoandikwa "Entries". Ukiona herufi M, unaweza kuingia Marekani zaidi ya mara moja, tulia. Ukiona 1, mwambie binti azungumze na kampuni ya meli sasa hivi, asingoje mpaka siku ya kupanda.

Kuachwa, ndiyo, watu huachwa. Zamu yangu ikiisha nilikuwa nasimama kwenye kidirisha cha chini, naona mtu na mkewe wanakuja mbio gatini, viatu mkononi, kofia mpya za majani zinapeperuka, na kamba zimeshafunguliwa. Abiria wa juu wanapiga makofi. Mimi sikuwahi kuona cha kuchekesha hapo. Aliyenunua ziara ya meli yenyewe husubiriwa basi lake likichelewa. Aliyejiendea kivyake hasubiriwi.

Sasa sikiliza jambo la saa. Jimbo lile la Mexico, Quintana Roo, halisogezi saa zake tangu 2015, lakini Texas husogeza. Desemba kisiwa kiko mbele ya Texas kwa saa moja. Meli nyingine hufuata saa ya kisiwa, nyingine hubaki na ya Texas. Simu ikishika mtandao wa nchi kavu hujibadilisha yenyewe, lakini saa ya mkononi ya mzee haitajibadilisha. Asubuhi ile, kabla ya kushuka, ulizeni mlangoni: hapa ni saa ngapi, na mwisho wa kupanda ni saa ngapi? Mwisho wa kupanda si saa ya kuondoka. Huwa nusu saa kabla, au hata saa nzima.

Kadi ya meli ndiyo inayowatoa na kuwarudisha, msiipoteze. Na msishuke na ndizi za mezani. Matunda hayaruhusiwi kushushwa, yatachukuliwa gatini.

Mama Nekesa (Kakamega)

Mwalimu, mimi nilipelekwa huko na wanangu. Kwanza ujue mtashukia gati gani, maana yako matatu. Punta Langosta liko mjini kabisa, San Miguel, unavuka barabara uko madukani. Puerta Maya na lile la International yako kusini, mbali kidogo, kwa goti la mzee ni teksi. Teksi hazina mita. Bei huenda kwa eneo na hubandikwa kwenye kibao pale gatini. Soma kibao, mtajie dereva bei, akubali, ndipo upande. Na uulize kama ni bei ya gari au ya kichwa.

Sisi tulikwenda San Gervasio, magofu ya Wamaya katikati ya kisiwa. Zamani wanawake walivuka bahari kuja kumwomba Ixchel, mungu wao wa uzazi. Mimi nilipapenda mno, mijusi mikubwa imelala juu ya mawe inakutazama kama wenye nyumba. Lakini njia ni ya mawe, kuna joto na mbu. Kwa mzee wako, hapana.

Mpeleke uwanja wa mjini, kuna viti na vivuli, halafu mitaa ya nyuma, msile kwenye mikahawa ya mbele ya bahari yenye menyu za Kiingereza. Agiza samaki mzima wa kukaanga na ndimu. Ugali haupatikani ila chapati za mahindi zipo kila meza. Mwambie mzee mahindi asili yake ni Mexico, labda atawasamehe.

Omosh wa Dunga

Mbona msikodi gari mkazunguke upande wa mashariki? Nasikia hakuna watu.

Baharia Mstaafu (Nakuru, Section 58)

Omosh, hakuna watu kwa sababu mawimbi ya huko ni makali, si ya kuogelea. Tena mwani unaoitwa sargassum husukumwa upande huo, ukijaa ni kama gugumaji la kwenu Dunga, na harufu juu. Maji matulivu yako magharibi, ndiko kwenye matumbawe, na ni hifadhi ya taifa tangu 1996. Gari likipata pancha upande ule, mwalimu ataiona meli yake ikiondoka.

Mwalimu wa Mamboleo (Kisumu)

Asanteni sana. Nimetazama, zote mbili zina M. Mzee amekubali samaki, chapati hizo anasema ataamua akiziona. Swali la mwisho: kadi ya homa ya manjano tuibebe?

Baharia Mstaafu (Nakuru, Section 58)

Ibebeni. Mexico haiidai, lakini Jamaica huwadai watokao nchi zenye homa hiyo, na Kenya imo. Bahari ikichafuka nahodha hubadilisha bandari bila kumuuliza mtu.