Naomba ushauri: Tsavo Mashariki kwa siku moja na watoto tukiwa likizoni Diani

Baba Salma
Assalaam alaykum, wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa, na likizo hii ya Agosti nimeileta familia katika hoteli moja ya ufuoni hapa Diani. Watoto wamezaliwa na bahari mlangoni, kwa hiyo haiwashangazi. Wanachotaka ni ndovu. Nimekutana na kijana mmoja ufuoni anayeuza safari za Tsavo Mashariki kwa bei iliyo chini kuliko ya dawati la hoteli. Gari litatuchukua alfajiri, tutaona ndovu wekundu, bwawa la Aruba, maporomoko ya Lugard na chemchemi za Mzima, na usiku tutakuwa tumerudi kitandani. Mke wangu anasita, nami usingizi umenipaa. Je, jambo hili linawezekana kwa mtu mwenye watoto wadogo?

Dereva Mstaafu
Linawezekana, ndugu yangu, lakini piga hesabu ya barabara kwanza. Kutoka Diani utavuka feri ya Likoni au upitie Dongo Kundu, kisha uingie katika barabara ya Nairobi pamoja na malori yote yatokayo bandarini. Lango la karibu ni Bachuma, yapata kilomita 100 kutoka Mombasa, na mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Msibebe maji ya chupa za plastiki za kutupa, kwa kuwa zimekatazwa mbugani tangu Juni 2020. Enzi zangu niliwahi kumbeba mzee mmoja aliyelala tangu Mariakani, akaamka Aruba, akaniuliza kama bado tuko Mariakani, akalala tena. Alilipa nauli kamili na kunishukuru sana.

Bibi wa Majengo
Siku hizi mtu akipata likizo, lazima aimalize yote kwa siku moja, kana kwamba ndovu watahama kesho. Mwanangu, hujatuambia watoto wana umri gani, wala kwa nini mkeo anasita. Mwanamke hasiti bure.

Baba Salma
Ahsante, bibi. Mkubwa ana miaka tisa, Salma ana sita na mdogo ana minne. Mama yao ni mtu wa wasiwasi tangu zamani, basi. Nilitaka hasa kujua kama bei ile ni ya haki.

Muuguzi wa Zamu
Bei hukuitaja, kwa hiyo hakuna awezaye kuipima. Wasiwasi wa mkeo ndio ulioutaja mara mbili. Anaogopa nini?

Baba Salma
Salma ana pumu. Sikuitaja kwa sababu najua mtaishikilia hiyo tu. Alilazwa mara moja, mwezi wa Ramadhani, na tangu hapo yu salama. Inhela anayo. Kila siku anapita katika vumbi na moshi wa matatu za Kisauni akienda shule, na hakuna anayeniambia nimwachishe shule. Isitoshe, nimekwisha kutoa arubuni, na watoto wameambiwa.

Muuguzi wa Zamu
Baba Salma, hao ndovu unaowafuata ni wekundu kwa sababu hujimwagia udongo wa Tsavo, na udongo huohuo ndio utakaokuwa hewani mtakapolifuata gari jingine mkiwa mmenyanyua paa ili watoto waone. Mwezi wa Agosti mvua za masika zimekwisha na ardhi imekauka. Vumbi linaweza kuamsha pumu, na Kisauni mkibanwa mko karibu na hospitali, ilhali ukiwa Lugard mji wenye hospitali ni Voi, na njia ya kufika huko ni hiyohiyo ya vumbi. Sisemi asione wanyama maishani mwake. Nasema daktari wake aulizwe kabla ya mwenye gari.

Mwalimu wa Kwale
Mimi sielewi kwa nini mtu aliyeko Diani auruke mlango wetu kwenda Tsavo. Mbuga ya Shimba Hills iko huku juu, tena ni kijani. Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya palipo na palahala wa porini, wale wenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma. Ndovu wako, nyati wako, na askari wa wanyamapori huwasindikiza wageni kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick. Simba sitakuahidi.

Mpekuzi
Mmeshughulika na pumu mkasahau kuisoma safari yenyewe. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, na Lugard iko kwenye mto Galana, ndani kabisa ya Tsavo Mashariki, mbuga yenye zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Hakuna gari linaloviona vyote hivyo kwa siku moja kutoka Diani. Kisha mkazi wa Kisauni asijue iliko Mzima, ambayo maji yake huletwa Mombasa kwa bomba? Hadithi hii imetungwa. Subirini, atatokea mteja aliyeridhika, atuwekee nambari ya simu.

Mtani wa Bara
Kisauni maji ya bomba huyaoni kila wiki. Msameheni asipojua yanakotoka.

Baba Salma
Sikutegemea kuitwa mwongo. Nimenakili karatasi ya kijana kama ilivyo, na sijataja jina lake wala simu yake. Mwenye kutangaza biashara angeanza na mtoto mgonjwa? Nimemuuliza sasa hivi kuhusu Mzima, akasema kuna njia ya mkato.

Dereva Mstaafu
Njia hiyo mimi sikuwahi kuiona. Mbuga hizo mbili zimetenganishwa na barabara kuu na reli. Muulize mambo haya: mtaingia kwa lango gani, ada ya mbuga italipwa kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, kwa majina ya nani, na gari lina leseni ya utalii au ni la shughuli za harusi. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho, na uone kama bei yake inalingana na hilo. Akishindwa kulitaja lango, mwachie arubuni.

Bibi wa Majengo
Au mkirudi mjini wapeleke Haller Park, Bamburi, palipokuwa machimbo ya saruji. Twiga hulishwa kwa mkono, na mtoto akibanwa mnatoka kwa miguu.

Baba Salma
Mke wangu amesoma uzi wote na sasa yeye ndiye mwenye simu ya daktari. Arubuni hairudi, ila kijana amekubali tubadilishe kwenda Shimba kwa fedha hizohizo. Tsavo sijaifuta; nitaiulizia tena baada ya mvua za vuli. Mwalimu, huko juu asubuhi kuna ukungu?

Mwalimu wa Kwale
Upo, na baridi yake mtu wa Kisauni hataipenda.

Muuguzi wa Zamu
Baridi nayo huamsha pumu. Nendeni jua likishapanda, avae sweta, na inhela ikae mkononi mwa mama yake, si ndani ya begi lililo nyuma ya gari.

Mpekuzi
Kabla hujalipa salio, tuwekee hapa jibu lake kuhusu lango. Nimeulizia kwangu, na shemeji yangu ana karatasi kama hiyo, Mzima na yote.